Miaka Thelathini Bila Buluu: Historia ya Skrini za LED

Jiwe lililong'aa, 1907–1942

Februari 1907 jarida la Electrical World la New York lilichapa barua fupi ya Henry Joseph Round, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi kwa Marconi. Round alikuwa akitafuta jiwe zuri la kunasia mawimbi ya redio. Aligusisha ncha mbili za waya kwenye kipande cha kaborundamu, jiwe la kiwandani linalotumika kunolea na kusugulia chuma, akapitisha umeme wa volti 10, na jiwe likatoa mwanga wa manjano. Vipande vingine vilitaka volti 110 ndipo ving'ae, na baadhi yake vikatoa kijani, rangi ya chungwa, hata buluu. Akauliza wasomaji kama kuna aliyewahi kuandika juu ya jambo hilo, kisha akarudi kwenye redio zake.

Hakuna aliyeona haja ya kumjibu kwa kishindo. Mpaka wakati huo mwanga ulipatikana zaidi kwa kuchoma au kupasha moto kitu: utambi, mafuta, gesi, au waya mwembamba ndani ya balbu. Jiwe linalong'aa bila kuwaka moto lilikuwa kioja cha maabara tu.

Aliyelichukulia kwa uzito ni Oleg Losev, Mrusi aliyezaliwa Tver mwaka 1903 na kufanya kazi katika maabara ya redio ya Nizhny Novgorod. Katika miaka ya 1920 aliuona mwanga uleule kwenye vinasio vyake vya redio, akaupima, akathibitisha kwamba hautokani na joto, akaandika makala moja baada ya nyingine. Mwaka 1927 aliomba hataza ya kifaa ambacho kingetumia mwanga huo kupeleka taarifa kwa kasi, kwa kuwa aligundua unawaka na kuzimika upesi mno. Shahada ya juu alipewa mwaka 1938 tu, tena kwa kazi aliyokwisha kuichapisha. Januari 1942, mji wa Leningrad alikohamia ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani, Losev alikufa kwa njaa akiwa na miaka 38. Utafiti wake ukalala.

Anguko la elektroni

Maelezo ya kile walichokiona Round na Losev yalikuja baada ya transista kuvumbuliwa Marekani mwishoni mwa 1947, kwa sababu transista iliwalazimisha wanafizikia kuzielewa semikondakta kwa kina. Mwaka 1951 Kurt Lehovec na wenzake, waliokuwa wakilifanyia kazi jeshi la Marekani, waliueleza mwanga wa kaborundamu kwa lugha hiyo mpya.

Mambo huenda hivi. Fuwele moja ya semikondakta ina pande mbili; ndiyo diodi, na inayotoa mwanga huitwa LED. Upande mmoja umetiwa chembe za elementi inayouzidishia elektroni. Upande wa pili umetiwa nyingine inayoupunguzia, hivyo una nafasi tupu ambazo wanafizikia huziita matundu. Ukipitisha umeme kwa mwelekeo unaofaa, elektroni husukumwa hadi mpakani, zikatumbukia kwenye matundu. Nazi ikianguka, kishindo chake hutegemea urefu wa mnazi. Elektroni nayo ikianguka huitoa nguvu yake kama chembe ya nuru, na kadiri anguko linavyokuwa refu ndivyo rangi inavyosogea kutoka nyekundu kwenda kijani hadi buluu.

Urefu wa anguko hilo haupangwi na fundi wala hauongezwi kwa kuzidisha volti. Unatokana na fuwele yenyewe. Ukitaka rangi nyingine, tafuta fuwele nyingine. Mtu anayejua hilo anaweza kuitazama skrini yoyote ya LED, ya saa, ya benki au ya uwanjani, akasoma mambo mawili: ni fuwele zipi zilikuwa zimepatikana ilipotengenezwa, na mtazamaji alitarajiwa kusimama umbali gani. Aina zote za skrini tunazozifahamu zimezaliwa na mambo hayo mawili.

Nyekundu kwanza, 1961–1968

Mwaka 1961 Bob Biard na Gary Pittman wa Texas Instruments, Dallas, walikuwa wakitengeneza diodi ya aina nyingine kabisa kwa kutumia gali asenidi. Wakagundua kwamba inatoa mwanga mwingi wa infraredi, ambao jicho halioni. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuiuza kwa dola 130 moja. Mjukuu wa diodi hiyo yuko kwenye pua ya rimoti za televisheni nyingi. Mtu akiielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza, mara nyingi ataona kitone kikiwaka.

Huko Syracuse, jimbo la New York, Nick Holonyak wa General Electric alitaka mwanga unaoonekana. Alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Illinois, mhamiaji kutoka milima ya Karpati, na alikuwa amesomeshwa na John Bardeen, mmoja wa waliovumbua transista. Holonyak aliamua kuchanganya fosforasi ndani ya gali asenidi ili anguko la elektroni lirefuke. Wakemia waliona mchanganyiko huo hauwezi kutoa fuwele nzuri. Oktoba 1962 fuwele yake ikawaka nyekundu. Miezi michache baadaye, katika jarida la Reader's Digest, alitabiri kwamba siku moja taa za aina hiyo zitaiondoa balbu ya Edison. Wakati huo diodi moja iliuzwa zaidi ya dola 200 na haikuweza hata kuangaza ukurasa wa kitabu.

Bei ilianza kuporomoka mwaka 1968, Monsanto, kampuni iliyojulikana kwa kemikali, ilipoanza kuzizalisha kwa wingi. Kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu, kazi ya kwanza ya taa hizo haikuwa kuangaza kitu. Zilikuwa za kutazamwa zenyewe: kitone chekundu cha kumwambia mtu kwamba mashine imewashwa.

Vijiti saba, 1968–1980

Kutoka kitone hadi tarakimu haikuwa safari ndefu. Wazo la kuandika namba zote kwa vijiti saba, vinavyopangwa kama 8 na kuwashwa kwa zamu, lilikuwepo kwenye hataza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kwa balbu lilikuwa kubwa na la moto. Diodi zikalifanya dogo kuliko ukucha.

Mwaka 1972 vitu viwili viliingiza tarakimu hizo nyekundu mikononi mwa watu wenye fedha. Cha kwanza ni HP-35, kikokotoo cha Hewlett-Packard cha dola 395. Fuwele ilikuwa ghali kiasi kwamba kila tarakimu ilitengenezwa ndogo sana, kisha ikawekewa lenzi ya plastiki juu yake ili ionekane kubwa. Cha pili ni saa ya Pulsar ya kampuni ya Hamilton, yenye mwili wa dhahabu, iliyouzwa dola 2,100, bei iliyokaribia ya gari dogo jipya Marekani. Kioo chake kilikaa cheusi muda wote. Mvaaji alipotaka kujua saa, ilimbidi atumie mkono wa pili kubonyeza kitufe, namba zikawaka kidogo na kuzimika, maana zingeachwa zikiwaka betri ingekwisha upesi. Roger Moore alivaa Pulsar akiigiza James Bond mwaka uliofuata. Kama saa, ilikuwa na adabu mbaya: mtu aliyebeba mzigo hakuweza kuisoma.

Ndani ya kikokotoo cha aina hiyo kulikuwa na hila ambayo haijaachwa hadi leo. Tarakimu 8 zenye vijiti 7 na nukta moja kila moja ni taa 64. Kila taa ikipewa waya wake, chombo kitajaa nyaya. Kwa hiyo wahandisi waliunganisha vijiti vinavyofanana vya tarakimu zote kwenye waya mmoja, kisha wakawasha tarakimu moja baada ya nyingine, kwa zamu, mara nyingi kwa sekunde. Nyaya 16 zikatosha. Jicho la binadamu ni zito. Huona tarakimu zote zinawaka pamoja, ilhali kila wakati inawaka moja tu.

Mwaka huohuo wa 1972 George Craford, mwanafunzi wa zamani wa Holonyak aliyekuwa Monsanto, alipata LED ya manjano na kuzidisha mwanga wa nyekundu. Kijani pia kilikuwepo, ila kilikuwa kijani kinachoelekea manjano, kama embe lisiloiva vizuri.

Kisha soko la saa na vikokotoo likapotea. Vioo vya LCD, vinavyoandika kwa kuzuia mwanga badala ya kuutoa, vilitumia umeme kidogo mno. Saa ikaonyesha muda saa zote bila kubonyezwa. Seiko walikuwa na saa ya LCD yenye tarakimu sita mwaka 1973, na ilipofika mwisho wa muongo huo LED ilikuwa imefukuzwa mkononi na mfukoni. Ikabaki mahali ambapo umeme wa ukutani haukuwa tatizo na msomaji alikuwa mbali: saa za mezani, mizani, lifti, mbao za bei za fedha za kigeni benki, mabango ya treni.

Majitu yasiyokuwa LED, 1980–1993

Kwenye mabango hayo taa ziliacha umbo la vijiti saba na kupangwa kwa safu mlalo na safu wima, nukta kwa nukta, ili ziandike herufi yoyote. Nyekundu na kijani zikiwekwa pamoja nukta moja, zikawaka zote mbili, hutoa rangi ya chungwa. Rangi tatu kwa taa mbili. Ndiyo yale mabango ya uwanja wa ndege ya enzi hizo, yaliyoandika safari iliyochelewa kwa chungwa na iliyofutwa kwa wekundu.

Picha ya video haikuwezekana. Rangi zote ambazo televisheni huonyesha hutokana na nyekundu, kijani na buluu, na buluu haikuwepo. Skrini kubwa za viwanjani za miaka hiyo zilikuwa teknolojia nyingine. Mwaka 1980 Mitsubishi walifunga Diamond Vision kwenye uwanja wa Dodger, Los Angeles. Mwaka 1985 Sony walisimamisha JumboTron yenye upana wa mita 40 na kimo cha mita 25 kwenye maonyesho ya Tsukuba, Japani. Zote zilijengwa kwa mirija midogo ya kioo, jamaa wa karibu wa mrija wa televisheni ya chogo. Zilikuwa nzito na zilikula umeme mwingi, na watu walizishangilia kwa sababu hapakuwa na kingine.

Buluu, 1968–1996

Wazo la kuijenga televisheni bapa ya kutundika ukutani kwa LED lilikuwa la zamani. Mwaka 1968 James Tietjen, mkuu wa utafiti wa vifaa katika maabara ya RCA, Princeton, alimwita kijana Herbert Maruska akamweleza shida yake kwa ufupi: nyekundu ipo, kijani kipo, nitafutie buluu. Maruska alichagua gali nitridi, fuwele yenye anguko refu la elektroni. Mwaka uliofuata alipata utando wake wa kwanza, na mwaka 1972 yeye na Jacques Pankove walikuwa na diodi iliyotoa mwanga wa buluu-zambarau. Ulikuwa hafifu mno. RCA ikaingia kwenye matatizo ya fedha na utafiti ukafungwa.

Gali nitridi ilikuwa na ila mbili zilizowakimbiza karibu wote. Ya kwanza, hapakuwa na fuwele kubwa ya gali nitridi ya kuoteshea nyingine juu yake. Iliwabidi waioteshe juu ya yakuti samawi, ambayo mpangilio wa atomi zake haulingani nayo, kwa hiyo utando ulitoka na nyufa na kasoro zisizohesabika. Ya pili, ilikubali elektroni za ziada kwa urahisi lakini ilikataa kutengenezewa matundu. Bila matundu, elektroni hazina pa kuangukia. Wengi wakahamia zinki selenidi, fuwele iliyokuwa safi zaidi. Kampuni ya Cree ya Marekani iliuza LED ya buluu mwaka 1989, lakini ilitokana na kaborundamu ileile ya Round, na karibu umeme wote iliopewa uliishia kuwa joto.

Waliobaki na gali nitridi walikuwa wachache, na watatu kati yao walikuwa Wajapani. Isamu Akasaki alikuwa ameianza akiwa Matsushita, akahamia Chuo Kikuu cha Nagoya mwaka 1981. Mwaka uliofuata akajiunga naye mwanafunzi, Hiroshi Amano, aliyekesha maabara. Mwaka 1986 walitoa jibu la ila ya kwanza: kabla ya kuotesha gali nitridi, walitandika kwanza juu ya yakuti utando mwembamba wa alumini nitridi katika joto la chini. Utando huo ulichukua mikwaruzano yote ya atomi zisizolingana, na fuwele iliyoota juu yake ikatoka angavu kama kioo. Kuhusu ila ya pili, Amano alikuwa akiichunguza fuwele iliyotiwa zinki chini ya hadubini ya elektroni, akaona inazidi kung'aa kadiri anavyoipiga kwa miale hiyo. Mwaka 1989 wakatangaza kwamba miale ya elektroni inaifanya gali nitridi iliyotiwa magnesi iwe na matundu.

Wa tatu hakuwa profesa. Shuji Nakamura alikuwa mhandisi wa Nichia, kampuni ya kisiwa cha Shikoku iliyotengeneza unga unaong'aa wa mirija ya televisheni na taa za tyubu. Bidhaa alizokuwa amezibuni kwa miaka kumi hazikuuzika. Mwaka 1988 alimwendea mwanzilishi wa kampuni, Nobuo Ogawa, akaomba fedha za kutengeneza buluu, na mzee akakubali papo hapo. Nakamura alikwenda Florida mwaka mmoja kujifunza kuendesha tanuri la gesi, na kwa kuwa hakuwa na shahada ya uzamivu, watafiti wenzake walimwona fundi. Aliporudi alinunua tanuri, akalibomoa na kulijenga upya kwa mikono yake. Tatizo lilikuwa kwamba gesi yenye joto kali ilipanda juu badala ya kutua kwenye yakuti. Akaongeza mkondo wa pili wa gesi kutoka juu, wa kuikandamiza ile ya kwanza. Fuwele zake zikapita za Nagoya.

Akagundua vilevile kwa nini miale ya Amano ilifanya kazi. Hidrojeni iliyobaki ndani ya fuwele ilikuwa imeishika magnesi na kuizuia. Kuipasha fuwele moto katika gesi ya nitrojeni kulitosha kuifukuza, na tanuri la moto ni rahisi kuliko miale ya elektroni. Katikati ya kazi hiyo uongozi wa kampuni ulibadilika na akaandikiwa aache. Aliendelea kama hajasoma. Novemba 1993 Nichia ilitangaza LED ya buluu yenye mwanga wa kandela moja, takriban mara mia ya zilizokuwa sokoni.

Mwaka 1995 fuwele za ukoo huohuo, elementi ya indi ikiongezwa kidogo, zikatoa kijani cha kweli. Ndiyo kusema Nakamura hakuleta rangi moja bali mbili, jambo ambalo husahauliwa. Mwaka 1996 Nichia ikapaka unga wa manjano juu ya diodi ya buluu; buluu na manjano vikichanganyika, jicho huona nyeupe. Taa hiyo nyeupe ndiyo iliyokuja kuisukuma koroboi nje ya nyumba nyingi za vijijini kwetu, ikiletwa na paneli ndogo za sola, na ndiyo iliyo nyuma ya kioo cha karibu kila televisheni inayouzwa kwa jina la LED. Televisheni hizo ni LCD. Taa za LED zinamulika tu kwa nyuma, hazichori picha. Wauzaji walilikuza jina hilo kuanzia mwaka 2009, na sidhani kama kuna mkanganyiko wa biashara uliofanikiwa zaidi.

Nichia ilimpa Nakamura bonasi ya yeni 20,000. Aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na baadaye akashtaki. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yeni bilioni 20. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2005 wakasuluhishana kwa karibu yeni milioni 840. Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Holonyak hakutajwa, na hakuficha uchungu wake.

Ukuta wa video, 1997–2008

Rangi tatu zilipokamilika, waliozikimbilia kwanza hawakuwa watengenezaji wa televisheni. Walikuwa wasanii. Aprili 1997 kundi la U2 lilizindua ziara ya PopMart huko Las Vegas likiwa na skrini ya LED yenye upana wa takriban mita 50, iliyojengwa na kampuni ya SACO ya Montreal. LED zilikuwa bado ghali, basi wabunifu wakazitawanya mbali mbali. Ukiikaribia, ungeona vitone visivyo na maana. Kutoka katikati ya uwanja, ubongo uliviunganisha kuwa uso wa mwimbaji. Ziara hiyo ilimalizikia Afrika Kusini, Cape Town kisha Johannesburg, Machi 1998.

Miaka miwili baadaye soko la hisa la NASDAQ liliwasha mnara wake wa skrini pale Times Square, New York: ghorofa saba, LED karibu milioni 19, dola milioni 37. Skrini iliufunika ukuta wenye madirisha, kwa hiyo mashimo 30 yaliachwa ili waliomo ndani waone nje. Picha zilitembea kuzunguka madirisha ya watu.

Hapo ndipo kipimo cha biashara hii kilipozaliwa: umbali kati ya kitovu cha pikseli moja na ya pili, kwa milimita. P10 ni milimita 10, P5 ni milimita 5. Mafundi hukisia kwamba kila milimita inadai mtazamaji asimame angalau mita moja. Hesabu yake ni kali. Mita moja ya mraba ya P10 ina pikseli 10,000, ya P5 ina 40,000, ya P2.5 ina 160,000, na kila pikseli ya rangi ina diodi tatu. Ukipunguza umbali nusu, unanunua taa mara nne.

Skrini za mwanzo zilitumia taa zenye kichwa cha mviringo na miguu miwili, tatu kwa kila pikseli, zilizopenyezwa kwenye matundu ya ubao na kulehemiwa nyuma. Zilikuwa kali, zilivumilia jua na mvua, lakini zilichukua nafasi. Baadaye diodi tatu zikatiwa ndani ya kijisanduku kimoja cha plastiki kinachobandikwa usoni mwa ubao na mashine. Aina hiyo, SMD, ndiyo iliyoleta skrini za ndani ya majengo, za kumbi za harusi na studio za habari. Mwangaza ulipangwa kwa hila ileile ya kikokotoo cha 1972: taa haifanywi hafifu kwa kupunguziwa umeme, bali huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na ikizimwa kwa muda mrefu kuliko inavyowashwa, jicho huona giza kiasi. Kamera haidanganyiki hivyo. Ndiyo sababu ukipiga video ya mhubiri aliyesimama mbele ya skrini ya bei nafuu, simu yako huonyesha michirizi myeusi inayopanda na kushuka.

Kutoka Shenzhen hadi Kariakoo

Baada ya 2000 kitovu cha utengenezaji kilihamia China, hasa Shenzhen. Absen ilianzishwa huko mwaka 2001, Unilumin mwaka 2004. Leyard ya Beijing ilikuwa imeanza mwaka 1995, na kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 sakafuni mwa uwanja ilifunuliwa hati ndefu ya LED ambayo wachezaji walitembea juu yake. Bei ilishuka hadi kitu kilichokuwa cha soko la hisa kikawa cha duka la dawa.

Kitu chenyewe ni moduli ya P10 ya rangi moja: upana milimita 320, kimo milimita 160, safu 32 kwa 16, jumla taa 512. Ipo kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, juu ya milango ya vinyozi, vioo vya mabasi na mimbari za makanisa. Mara nyingi ni nyekundu, na sababu ni ileile ya historia: fuwele ya nyekundu ilianza mapema, ni ya bei ndogo, na huridhika na volti 2 hivi ambapo buluu hutaka karibu 3. Nyuma ya bango kuna kadi ya kudhibiti ambayo hupokea maandishi kutoka simu, pawa saplai ya volti 5, na waya bapa wa pini 16 unaotoka moduli moja kwenda nyingine.

Waya huo ndio unaomfundisha fundi kazi. Taarifa huingia moduli ya kwanza, ikasukumwa hatua kwa hatua hadi ya mwisho, na safu 16 huwashwa kwa makundi manne, kwa zamu. Moduli ya tatu ikipata hitilafu, ya nne hadi ya mwisho nazo huandika upuuzi, ingawa ni nzima. Mgeni hubadilisha zote. Fundi mzoefu huangalia ya kwanza kukosea, huchomoa waya wake na kusafisha pini, na akiona safu kila ya nne imezimika, hajisumbui na taa. Anajua ni saketi ya kugawa zamu. Kitone kimoja kilichokufa peke yake ndicho taa.

Punje ndogo, 2012 hadi sasa

Upande mmoja, skrini zimekuwa kubwa kupita kiasi. Septemba 2023 U2 haohao walifungua Sphere, jengo la duara huko Las Vegas, lililofunikwa nje kwa visahani vya LED milioni 1.2, kila kimoja kikiwa na diodi 48. Wajenzi wa skrini ni SACO walewale. Visahani hivyo vimeachana kwa sentimita 20 hivi. Kwa kipimo cha mafundi hiyo ni P200, mbovu mara ishirini kuliko bango la duka la dawa, na bado picha yake huonekana safi, kwa kuwa watazamaji wako barabarani na angani.

Upande wa pili ni ile televisheni ya ukutani aliyoitaka Tietjen. Kwa muda ilionekana imepatikana kwa njia nyingine: OLED, ambayo hutumia kemikali za kaboni badala ya fuwele, ilianzia Kodak mwaka 1987 kwa Ching Tang na Steven Van Slyke, na leo iko kwenye simu nyingi. Huchakaa mapema zaidi, hasa buluu yake. LED za fuwele zilirudi mwaka 2012, Sony ilipoonyesha skrini ya inchi 55 iliyochorwa na LED milioni 6, na mwaka 2018 Samsung ikaleta The Wall ya inchi 146. Punje zake hupimwa kwa mikrometa. Katika aina iitwayo COB, diodi hubandikwa moja kwa moja kwenye ubao bila kijisanduku na kufunikwa utomvu, ili mkono ukigusa usizing'oe.

Kuzipanga ndiko kunakogharimu. Skrini ya 4K ina pikseli 8,294,400, hivyo diodi karibu milioni 25. Mashine ikizibandika kwa usahihi wa asilimia 99.99, bado karibu 2,500 zitakuwa zimekosewa, na mnunuzi huona hata moja. Februari 2024 kampuni ya ams OSRAM ilitangaza kwamba mteja wake mkuu ameuvunja mradi wa LED ndogo ambao kampuni hiyo ilikuwa imeujengea kiwanda.

Kuna pia tatizo la rangi. Fuwele nyekundu ya leo, ya alumini, gali, indi na fosforasi, hupoteza ufanisi ikikatwa ndogo sana, kwa kuwa elektroni hukimbilia kingoni mwa punje na kufia huko bila kutoa mwanga. Buluu na kijani haziathiriki sana hivyo. Kwa hiyo maabara nyingi sasa zinajaribu kuitoa nyekundu kwenye indi gali nitridi, fuwele ya Nakamura, kwa kuongeza indi hadi anguko la elektroni lifupike vya kutosha. Indi ikizidi, kasoro hujaa na mwanga hufifia. Hapo ndipo kazi ilipofikia.